Sauti ya Mwanangu, Macho ya Watu

Mlionisoma wiki iliyopita mliniacha mlangoni mwa duka, mkono mmoja kwenye kitasa na mwingine kifuani. Ndani, binti yangu na mkwe wangu walikuwa wanarushiana maneno, na mimi niliogopa kuingia.

Kwa mgeni wa ukurasa huu, ngoja nikusogezee kiti. Mimi ni mwenye duka la miwani. Mwanangu wa kiume ndiye aliyekuwa akipima macho pale. Watu walimwita Daktari wa Vioo, ingawa udaktari wake ulikuwa wa lenzi na fremu tu. Moyo ulimsimama kabla hajapata hata mvi. Akaniachia mjane wake, ndiye huyo mkwe wangu, anayeendesha duka mpaka leo, na akaniachia seva.

Seva ni nini? Nami niliuliza hivyohivyo. Basi nawategea kitendawili: nyumba yangu haina dirisha, watu wa mtaa mzima wamo ndani, na umeme ukizimika haonekani hata mmoja.

Ndiyo hiyo. Ni sanduku jeusi, ukubwa wa kreti la soda, linakaa kwenye kabati la chumba cha nyuma. Ndani yake kuna kadi za wateja wetu na picha za ndani ya macho yao, za miaka yote. Na kuna sauti za mwanangu.

Mwanangu hakupenda kuchapa. Vidole vyake vilikuwa vinene, akitaka herufi moja anabonyeza mbili. Kwa hiyo akimaliza kumpima mtu aliingiza namba na picha, halafu akavuta kipaza sauti na kusema yaliyobaki. Huyu anasomea kitandani. Huyu anaona haya kuvaa miwani mbele ya mumewe. Huyu akija tena mpeni kiti chenye mgongo.

Kila siku, wateja wakipungua, mkwe wangu alinifungulia sauti moja. Nilikaa nikamsikiliza mwanangu akizungumzia macho ya watu nisiowajua, na nilitoka pale nimeshiba.

Basi, nilifungua mlango.

"Afadhali umekuja, Mama," binti yangu alisema. "Mwambie wifi yangu kwamba duka haliendeshwi kwa machozi."

"Na wewe wifi, mwambie Mama hiyo kampuni yako ya wingu sauti inazipeleka wapi," mkwe wangu akajibu, bila kuacha kufuta kioo cha meza.

Binti yangu anafanya kazi ofisini na mambo ya kompyuta anayajua. Tangu tuanue matanga alikuwa na wimbo mmoja tu: tuhamie kwenye wingu.

"Wingu lipi hilo?" nilimuuliza.

"Mama, nilishakueleza. Ni kompyuta kubwa za watu wengine, ziko mbali, tunazifikia kwa intaneti. Wao wanazilinda, wao wanatunza nakala. Hapa wakivunja mlango wakabeba sanduku, hatupotezi jicho la mtu. Hapa umeme ukikatika, kule haukatiki."

"Na intaneti ikikatika?" mkwe wangu aliuliza. "Juzi ilikatika tangu asubuhi. Mteja ameshaweka kidevu kwenye mashine, mimi nimwambie asubiri wingu lipite?"

Kicheko kilinijia nikakimeza.

"Tutaweka laini ya pili."

"Na macho ya watu yakae kwa watu tusiowajua?"

"Wifi, sasa hivi yanakaa kabatini, juu ya ndoo ya deki. Hapo ndipo penye usalama?"

Mkwe wangu alirudi kufuta kioo, maana ndoo ilikuwepo kweli.

Mimi shule yangu ni ya msingi, lakini kupanga vitu najua. Kitu ukikiweka karibu, unakiona. Ukikipeleka mbali kwa mtu mwenye walinzi, unalala. Nilikuwa nataka kuona na nilikuwa nataka kulala, ndiyo shida yangu.

"Na sauti?" niliuliza.

Binti yangu akaanza kupekua mkoba wake, anatafuta kitu ambacho hakimo.

"Mfumo wao una mahali pa kadi na mahali pa picha. Pa sauti hapana."

"Hakuna pengine pa kuziweka?"

"Papo, Mama. Ni ghala lingine, wala halina taabu. Lakini za nini? Namba zipo. Picha zipo. Zile sauti tuziache zife na sanduku lake."

"Zife," mkwe wangu alirudia taratibu.

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha, wifi. Tangu tumzike hujasikiliza hata moja. Ukisikia tumefungua, unatoka nje unajifanya una simu."

Binti yangu alifunga mkoba. "Mama, duka ni lako. Chagua wewe."

Nikawaomba waniache nifikiri mpaka mwisho wa wiki.

Hapa sasa, wasomaji wangu, naomba msininyime salamu mkinikuta njiani.

Mimi nikifikiri, mikono haikai bure. Ni mfumaji. Redio yangu ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, hata mtungi wa gesi nimeushonea sketi. Nikalitazama lile sanduku, liko uchi kabatini, vumbi limelitanda. Nikasema moyoni, kama mwanangu yumo humu, asikae kwenye vumbi.

Nikalifumia nguo ya sufu nzito, rangi ya maziwa, yenye maua pembeni. Nilikwenda kulivika mkwe wangu akiwa mbele na wateja. Nikalibana vizuri, mbele, nyuma, mpaka chini, kama mtoto mchanga anayetolewa hospitali. Na kwa kuwa lilikuwa linavuma, nikafunga na mlango wa kabati lisisumbue watu.

Nilirudi nyumbani nimeridhika. Nililala usingizi mzuri kuliko siku zote tangu mwanangu aondoke.

Asubuhi simu ikalia.

"Mama, njoo dukani," mkwe wangu alisema. "Seva haiwaki."

Chumba cha nyuma kilinuka plastiki iliyoungua. Binti yangu alikuwa ameshafika. Fundi wa kompyuta amepiga magoti mbele ya kabati. Huyu fundi tunamwita Polepole, kwa sababu hata salamu haijibu mpaka aifikirie.

Akachomoa kile kitambaa. Maua yangu yalikuwa yamekuwa kahawia, na upande mmoja sufu imegandia kwenye bati.

"Nani ameifunika hii?" aliuliza.

Akakigeuza kitambaa mikononi.

"Mashine hii ina feni. Inavuta hewa huku, inatoa joto kule. Mmeiziba pua na mdomo."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Ulimi ukawa mzito, haukuinuka.

"Mimi," mkwe wangu alisema.

Nilimtazama. Yeye hakunitazama.

"Kitambaa kafuma Mama, alinipa cha mezani. Aliyefunika ni mimi."

Binti yangu alimgeukia. "Wewe? Wewe uliyekuwa unasema hapa ndipo nyumbani kwake? Basi umemuua mara ya pili."

Mkwe wangu aliinama, akaanza kuokota nyuzi zilizoanguka sakafuni. Moja moja. 

Nami nilisimama pale na ulimi wangu, mtu mzima na kilemba changu kichwani, nikamwacha mtoto wa wenzangu abebe mzigo wangu.

"Nakala ipo?" Polepole aliuliza.

"Ipo," walijibu wote wawili.

Marehemu alikuwa na diski ndogo, inaenea kwenye mfuko wa shati. Kila jioni akifunga duka alikuwa anahamishia humo nakala ya kazi ya siku, anaichomoa, anaitia mkobani, anakwenda kulala nayo nyumbani. Asubuhi anairudisha. Duka likiungua, nyumba ipo. Nyumba ikiungua, duka lipo.

"Iko kwako, wifi," binti yangu alisema.

"Kwangu? Si wewe ulisema utakuwa unaipitia ukitoka kazini?"

"Nilipitia siku za mwanzo, nikakuta haipo. Nikadhani unaondoka nayo."

"Nami nikiikosa mezani nadhani umeshaichukua."

Wote wawili wakageuka kunitazama mimi.

"Msinitazame," nilisema. "Mimi nilidhani kile ni kibati cha kuzuia sanduku lisiteleze."

Polepole aliingiza mkono kabatini, nyuma ya lile sanduku, akatoka na diski ndogo. Waya wake ulikuwa bado umechomekwa. Kumbe tangu mazishi haikutoka pale, na mimi niliifunika pamoja na mama yake. Ganda lake lilikuwa limepinda, limelainika kama mshumaa.

Akaigeuza, akaifikiria. "Hii imekwenda," alisema. "Kubwa nitaichukua, nikaone kama ina pumzi."

Akachomoa diski ya ndani ya seva, akaifunga kwenye taulo, akaondoka nayo kifuani.

Hajafika mbali, mlango wa mbele ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu mstaafu, mteja wetu wa zamani, yule ambaye jicho moja lilishafunga kabisa, na lililobaki linaandamwa na presha ya macho.

"Hamjambo wenye macho," alisema. "Nimefuata jicho langu."

"Lipi tena, Mwalimu?" nilimuuliza.

"Hilo mlilonitunzia. Daktari wa hospitali anataka picha zote za zamani. Anasema picha ya leo peke yake haimwambii kitu. Lazima aone nilikotoka, ajue kama linakwenda mbio au limetulia. Likiwa linakwenda mbio, anapasua. Likiwa limetulia, anaogopa kuligusa, maana kisu nacho kinaweza kuliondoa."

Mkwe wangu akageukia ukutani.

"Picha zinatafutwa, Mwalimu," nilisema. "Mashine imepata hitilafu. Kaa kwanza."

Akakaa kwenye benchi. Mimi nikikosa la kusema, natega.

"Mwalimu, ghala langu halina ukuta, sijui liko mtaa gani, na ufunguo ninao mfukoni."

Alifikiri, kichwa ameinamisha upande wa jicho zima. "Kumbukumbu?"

"Umekaribia. Ni wingu la kompyuta. Binti yangu anataka tuhifadhi vitu huko."

"Na jicho langu liko huko?"

"Hapana, Mwalimu. Liko kwenye sanduku letu."

"Ah," alisema kwa upole. "Basi mngelipeleka."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniingia.

Siku chache baadaye Polepole akatuita kwake. Tulikwenda wote watatu baada ya chakula cha mchana, na njia nzima binti yangu alitembea mbele peke yake, wifi yake nyuma, mimi katikati kama mpaka wa shamba.

Karakana yake ni chumba kimoja, kuta zimejaa nyaya zilizoning'inizwa kwa rangi zake, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Mezani kulikuwa na diski yetu, imefunguliwa taulo, inang'aa kama kioo cha kujipodolea. Alituwekea viti, viwili upande huu na kimoja upande ule. Binti yangu akakichukua kile cha peke yake.

Nikaona nisipoyatoa hapo, yatanifia tumboni.

"Kile kitambaa nilikivisha mimi," nilisema. "Wifi yako hakujua. Nilikivisha na kabati nikafunga."

Polepole alijifanya anatafuta bisibisi.

Binti yangu hakunitazama. Alimtazama wifi yake. "Na ukakubali nikutukane namna ile?"

"Ungemtukana nani?" mkwe wangu alisema. "Mama yako? Mimi ukinitukana leo, kesho unakuja kwangu kunywa chai. Yeye ungemwambia vile, lisingefutika."

"Ungesema hata baadaye."

"Baadaye lini? Ulikuwa huchukui simu yangu."

Binti yangu aliinuka. Kisha akainua kile kiti chake, akakileta upande wetu, akakibandika ubavuni mwa wifi yake. Msamaha wake ulikuwa huo. Kwetu hatuombani radhi kwa maneno, tunahamisha viti.

Polepole akakohoa. "Inapumua," alisema. "Nimejaribu faili moja tu. Sikilizeni."

Akabonyeza.

Na mwanangu akaingia mle chumbani.

"Huyu mama ni mshonaji," alisema, na koo lake lile lile la kama mtu aliyetoka kunywa maji. "Jicho la kulia limechoka kuliko la kushoto. Anasema haoni tundu la sindano. Nimemwambia asijali, dada yangu naye halioni, na yeye hata kifungo hajui kushona." Akacheka. "Dada akipita mwambieni nampimia bure. Lakini aache kukunja uso kama anakula ndimu, tumeshajua kwamba haoni."

Ikaisha.

Binti yangu alikuwa amekunja uso vilevile. Halafu uso ukamvunjika. Alilia kama alivyolia akiwa mdogo, mdomo wazi, bila kujificha. Mazishini hakulia vile. Mazishini alikuwa anapanga viti na kuhesabu sufuria.

"Ndiyo maana nilitaka sanduku liondoke," alisema, maneno yanakatika. "Mimi nikiingia pale dukani, nasikia tu ataniita. Nikasema likienda mbali, nitaweza kuingia."

Mkwe wangu alimshika mgongoni. Naye alikuwa analia, ila kimyakimya, kama mtu aliyezoea.

Polepole alisubiri, maana kusubiri ndiyo kazi anayoijua kuliko zote. Kisha akasema.

"Diski hii imebakiza pumzi ya safari moja. Ikianza kuzunguka inapata moto, na ikizima sidhani kama itaamka. Picha za macho ziko folda moja. Sauti ziko nyingine. Zote ni nzito. Nikianza na hii, huenda ile isifikiwe. Nianze na ipi?"

"Sauti," alisema binti yangu.

"Picha," alisema mkwe wangu.

Wakatazamana, kila mmoja amebeba mzigo wa mwenzake.

"Wifi, hizo sauti ni zako," binti yangu alisema. "Wewe ndiye uliyezipigania."

"Nimezipigania, ndiyo. Lakini mwenyewe angekuwa hapa, angeuliza Mwalimu kakaa wapi."

"Mwalimu watampima upya."

"Watampima leo. Jana yake hawawezi kuipima."

Polepole aligeuza shingo kwangu. "Mwenye duka ni Mama."

Jamani, mimi nimezaa, nimezika, nimeuza kitanda changu nikalala chini ili duka lile lifunguliwe. Sijawahi kuulizwa swali zito kama lile. Nilitamani mtu mwingine awe mama yangu hapo, hata kwa dakika chache tu, anijibie.

"Anza na macho," nilisema.

Binti yangu alinishika mkono kwa nguvu. "Mama."

"Yule sauti yake nimeisikia tangu hajajua kusema. Naweza kuikumbuka. Macho ya watu sikuyazaa mimi, siwezi kuyakumbuka."

Polepole akabonyeza. Diski ikaanza kuvuma. Kwenye skrini macho yakaanza kupita, mekundu, ya mviringo, kama machungwa yaliyokatwa, na vimishipa vyake. Mkwe wangu aliyajua mengine kwa kuyaona tu. Huyu ni mwenye duka la viatu. Huyu ni yule bibi harusi. Halafu likapita jicho la Mwalimu, na lingine la Mwalimu, na lingine, mwaka kwa mwaka.

"Jamani, Mwalimu kapatikana," mkwe wangu alisema, akafuta uso kwa kiganja.

Nami, wakiwa wanatazama macho, nikafumba yangu. Nilitaka kujaribu lile nililojisifia. Nikamwita mwanangu kichwani aseme neno moja tu, lolote, hata anitanie.

Iliyokuja ilikuwa sauti ya baba yake.

Nikajaribu tena. Ni ya baba yake tena. Nimetoka kuisikia ya mwanangu kwa masikio haya, punde tu, na nilikuwa sina hata neno lake moja. Nilikaa pale nikaona nilivyoahidi kitu ambacho sinacho.

"Macho yote yametoka," Polepole alisema. "Sasa naingia kwenye sauti."

Mvumo wa diski ukabadilika. Ukawa mwembamba, wa kukwaruza, kama kucha kwenye bati. Polepole aliinamisha sikio, akainyanyua mezani, akailaza kwa ubavu, mvumo ukatulia kidogo. Akairudisha chali, kukwaruza kukarudi.

Hakufikiri safari hii.

"Inataka kushikwa hivi, kwa ubavu, hewani, mpaka mwisho," alisema haraka. "Ikitikisika inakata. Mimi mikono yangu iko kwenye kibodi. Nani ana mkono usiotetemeka?"

Binti yangu alinyoosha wake. Ulikuwa unacheza kama jani. Mkwe wangu alinyoosha wake, naye akaurudisha.

Nikasogeza kiti. Polepole akaniwekea ile diski kiganjani, akanikunjia vidole kimoja kimoja. Ilikuwa ya moto, na ndani yake kitu kilikuwa kinazunguka, kinanigonga kwenye mishipa ya mkono.

Kwenye skrini faili la kwanza likaanza kujaa.

Nikaubana mkono. Na ndipo nilipouhisi, kutoka begani, unaanza kutetemeka.